Taa Isiyowaka Kabisa

Ndani ya gari, uani kwetu, Kasulu

Yustina mwanangu,

Nimejifungia ndani ya Mwami. Usinicheke. Nyumba imejaa watu wa kukuaga, shangazi zako wameteka jiko, na kila nikikaa mtu ananiuliza sukari iko wapi kana kwamba mimi ndiye niliyeificha. Nimewaambia nakuja kuchukua kitenge nilichosahau garini. Sasa nimefunga milango, nimeweka daftari juu ya usukani, na naandika haraka kabla hawajagundua kwamba kitenge nimekivaa. Wewe umekwenda kuaga kanisani, na nakujua, utapitia kwa rafiki zako. Muda ninao. Utulivu ndio sina.

Mambo ya chandarua, chakula cha njiani na kuficha nauli sehemu mbili sitayaandika. Shangazi yako mkubwa ameyasema yote, akayarudia, na kesho atayarudia tena dirishani mwa basi. Mimi nataka kukuandikia habari za gari hili. Najua utasema, mama na gari lake tena. Subiri kwanza.

Nilikwenda Mwanza kununua pikapu. Hilo unalijua, maana umelisikia likisemwa kwa kejeli tangu ukiwa msichana mdogo. Nilitaka pikapu ya kubebea maharage kutoka Nyakitonto na Murungu, kwa kuwa nilichoka kubembeleza wenye malori. Baba yako, mwalimu wa watu, Mnyaturu asiyejua kupaza sauti, alinisindikiza mpaka stendi akaniambia, "Mama Yustina, angalia chesisi, angalia matairi. Usiangalie rangi." Nikasema haya. Nilipofika kwenye yadi ya magari, pikapu zilikuwepo, za heshima tu, zimekwaruzwa kidogo hapa na pale. Pembeni yake lilisimama hili. Jeusi, viti vya ngozi, mbao zinazong'aa milangoni. Mlango wake ukiusukuma haupigi kelele, unajifunga taratibu wenyewe. Lilipokuwa jipya lilimbeba mtu mkubwa, mtu wa kufunguliwa mlango, na sasa bei yake ilikaribiana na ya pikapu.

Sikujiuliza kwa nini. Leo ningejiuliza kwa sauti. Magari ya namna hii bei yake hushuka kwa sababu kila aliye nalo anatafuta mtu wa kumwachia. Bei ya kununua inakuwa ya mtu kama mimi, lakini gharama ya kutunza inabaki ya yule mkubwa. Oili yake si ile ya kwenye madumu, matairi yake hayapo Kasulu, na kila kipuri kinatoka Dar es Salaam kwa basi, tena kikifika unaambiwa si chenyewe.

Mwenye yadi alikuwa kijana anayenukia manukato. Akageuza ufunguo, injini ikawaka bila mngurumo, akanionyesha dashibodi. "Angalia mwenyewe, mama. Unaona taa hata moja? Hili ni gari zima, halina maneno."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Kwetu mtu akisifiwa husifiwa hivyo. Mke mwema hana maneno, mtoto mwema hana maneno, na mtu aliyepokewa kwenye nchi ya watu ndiyo kabisa, maneno ayaache mpakani. Nikaona gari hili limelelewa kama nilivyolelewa mimi. Nikatoa hela zote, za pikapu na za akiba.

Kuna jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka miaka yote. Mimi niliingia nchi hii mgongoni mwa bibi yako. Nimekulia hapa, nimesoma hapa, uraia tulipewa, kura napiga. Lakini sokoni tukibishania bei ya gunia, mtu akiishiwa hoja anajua pa kushika. "Nawe mkimbizi!" Anasema huku anacheka, na wengine wanacheka, na mimi nacheka pia ili biashara iendelee. Nilipokaa kwenye kile kiti cha ngozi niliwaona wote, mmoja mmoja, wakinisogezea njia. Kwa kweli nilinunua midomo ya watu ifungwe, na injini nikapewa kama nyongeza.

Nilipoingia nalo uani, baba yako alilizunguka, kisha akauliza, "Maharage yatakaa kwenye siti ya ngozi?" Bibi yako alitoka jikoni, akafuta mikono, akalitazama kama anayemtazama mkwe asiyemtaka. "Huyu ni Mwami," akasema. "Anakula, halimi." Jina hilo la mfalme likabaki, na maharage niliendelea kuyakodia malori.

Lakini raha niliipata, sitakudanganya. Nililipeleka kanisani, nililipeleka kwenye harusi likafungwa maua, na wale wa sokoni wakaanza kuniita madam. Neno lile jingine lilipotea kabisa. Nilitembea Kasulu hii nimenyoosha shingo mpaka ikaniuma.

Subiri, mtu anagonga kioo.

Nimerudi. Walitaka sufuria kubwa. Nimewaonyesha, na nimepita chumbani kwako kuangalia mkoba wako. Umeufungua na kuupanga upya tena. Nimeuacha kama ulivyo.

Nilikuwa wapi? Nafika kwa Hamisi. Nilimpelekea fundi Hamisi gari abadilishe oili. Unamjua, mtu wa mizaha, kwake hakuna ugonjwa wa gari usioponyeka kwa maneno. Siku hiyo aliniambia, "Mama, washa swichi, stata usipige kwanza." Nikageuza ufunguo nusu. Taa zote za dashibodi zikawaka, nyekundu, njano, za kila namna. Hamisi akazitazama. "Mbona ya injini haimo?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba haijawahi kuwaka tangu ninunue gari. Akacheka mpaka akashika boneti. Akanieleza kwamba ukiwasha swichi, taa zote lazima ziwake kwanza, gari lijikague, kisha zizime moja moja. Isiyozima ina shida unayoijua. Isiyowaka kabisa, mtu ameigusa. Akafungua dashibodi, na pale pa taa ya injini tukakuta rangi ya kucha, nyeusi, imepakwa kwa uangalifu na mtu mwenye mkono mzuri. Hamisi akaikwangua. Taa ikawaka njano, ikagoma kuzima. Akachomeka mashine yake ya kupimia, akaisoma, akajikuna. "Ama pampu ya maji imeanza kuchoka, ama ni sensa tu, kile kidude cha kupimia, inadanganya."

Pampu ilikuwa ya kuagiza. Sensa haikunidai chochote. Nikachagua sensa.

Sasa sikiliza ujinga wa mama yako. Siku zilizofuata ile taa ilinikosesha raha kuliko ugonjwa wenyewe. Kila aliyepanda aliiuliza. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Kumbe na haya makubwa yanaumwa?" Nikarudi kwa Hamisi nimevimba. "Nilikuletea gari zima, umenirudishia gonjwa. Rudisha kama ulivyokuta!" Hamisi akasema rangi ya kucha hana, ila solotepu nyeusi ipo. Akakata kipande, akaiziba taa ya injini pamoja na ya joto iliyo jirani yake, eti nayo isije ikaiga. Nikamlipa. Mwanangu, nilimlipa mtu anirudishie uongo niliouziwa, na nikaondoka pale nikiimba.

Wakati huo wewe ulikuwa bweni, Kibondo. Nilikuja siku ya wazazi pamoja na bibi yako, na Mwami tulimwosha mpaka matairi. Nilikuuliza, "Amahoro?" Ukajibu, "Amahoro, mama." Bibi yako ndiye aliyetufundisha sote kujibu hivyo. Amani? Amani. Hata nyumba ikiwa inaungua, kwanza amahoro, halafu ndiyo maji yatafutwe. Ulikuwa umekonda. Nililiona hilo. Kisha ukasema, kwa sauti ndogo, "Ila usiku silali vizuri." Nami nikakujibu, huku namtazama mzazi mwingine aliyekuwa anapiga picha pembeni ya gari langu, "Ni mawazo ya mtihani tu." Nikaenda ofisini kuonana na matroni, nikakuacha na bibi yako na kapu la chakula. Wakati wa kurudi nilimuuliza bibi yako mmezungumza nini. Akasema, "Amahoro."

Ulipofunga shule nilikufuata peke yangu. Tuliondoka Kibondo vizuri, muziki tumefungulia. Tulipokaribia Nyakitonto, kwenye mlima, gari likaanza kupungua nguvu. Nikakanyaga mafuta. Likanguruma, mvuke ukatoka kwenye boneti, likafa katikati ya mlima. Unakumbuka yule mama aliyepita na jembe begani?

"Mwidiwe," akatusalimu.

"Mwidiwe, mama," nikamjibu.

"Gari limechemsha?"

"Hapana," nikasema. "Tunapumzika tu."

Mvuke unapanda mbinguni, mimi nasema tunapumzika. Yule mama akautazama mvuke, akanitazama mimi, akakutazama wewe. "Haya," akasema, "pumzikeni salama." Akaenda zake. Kwa aibu ile ile ya kijinga tukakosa mtu wa kutusaidia maji.

Tukakaa. Simu haikushika. Nikaanza kulitukana gari, nikaupiga usukani, huu huu ninaouegemea sasa. "Kwa nini halikusema! Gari la bei hii, linakufa bila kusema!"

Wewe ulikuwa unatazama nje. Ukasema, "Lilisema, mama. Uliliziba."

Nikauachia usukani. Kisha ukasema, bado hujageuka, "Na mimi nilisema."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo, na sitaki kuyatua. Ndipo ukaniambia. Siku ile ya wazazi, mimi nikiwa kwa matroni, wenzako wa bwenini walikuja mlipokaa. Walimsikia bibi yako anavyoongea, wakakuuliza, "Huyu nani? Mbona anaongea kama mkimbizi?" Na wewe ukasema, "Ni mama anayetusaidia kazi nyumbani."

Somo yako. Mwanamke uliyepewa jina lake.

Ukaniambia kwamba alisikia. Kwamba aliinuka kwenye mkeka, akachukua kapu, akawagawia wenzako mayai na maandazi akiwa amesimama, akasema, "Karibuni wanangu. Bosi wangu amenituma niwahudumie." Kwamba hakukutazama, ili usione haya. Na usingizi uliokuwa mbaya kabla ya siku ile, baada yake ukapotea kabisa.

Ulilia pale kwenye siti ya ngozi, nami nikalia, na sikujua namlilia nani. Maana ni nani aliyekufundisha? Nilipokupeleka bweni mara ya kwanza nilikushika mabega nikakwambia, "Ukiulizwa kwenu wapi, sema Kasulu, basi. Usiongeze neno." Nilidhani nakukinga. Solotepu ile niliikata mimi, nikakubandika mimi, halafu nikakusifu kwamba mwanangu hana maneno.

Lori la mihogo lilituvuta mpaka nyumbani, watu wote wakaona, na ajabu ni kwamba sikujali. Uliingia moja kwa moja kwa bibi yako, ukapiga magoti, ukashindwa kusema. Yeye akakungoja. Alipoona huwezi, akasema, "Yustina, mbona mshahara wangu wa ile siku haujafika?" Akacheka peke yake. Kisha akakuvuta, na hapo kicheko kikamshinda, na nikafunga mlango nikawaacha.

Gari lilikaa juu ya mawe muda mrefu. Gasketi iliungua, pampu iliagizwa, ikaja isiyo yenyewe, ikaagizwa tena. Watu wa sokoni walipata la kusema na walilisema. Nilimaliza kulitengeneza kwa ubishi tu, kisha nikanunua pikapu niliyoifuata tangu mwanzo. Baba yako, Mungu ambariki, hakusema, "Nilikwambia." Alinunua matairi ya hiyo pikapu akayaleta.

Sasa kuhusu wewe. Nesi mwenye ajira, unakwenda Newala, mwisho kabisa wa nchi, ambako hakuna atakayejua bibi yako anaongeaje. Baada ya muda watakuja watu wa mikopo ya watumishi, nawe utatamani gari. Tamani tu. Ukilipenda lile la viti vya ngozi, sitakuzuia, mimi ni nani? Ila omba ufunguo mwenyewe, washa swichi, usipige stata. Hesabu taa. Muuzaji akikuharakisha, shuka. Na akija kijana kukuchumbia akasema hajawahi kukosana na mtu, hajawahi kuogopa, hajawahi kulia, mwambie mama yangu anataka kwanza aone dashibodi yako.

Nimetoka tena. Nimezunguka nyumba. Nimemkuta bibi yako anachambua maharage ya kukufungia, nikamwambia Newala maharage yapo. Akasema, "Si haya." Nikarudi.

Kinachonihangaisha ni hiki. Wiki nzima hii kila mtu anakuuliza na wewe unajibu vilevile. Baba yako kakuuliza, uko sawa. Shangazi zako, uko sawa. Mimi nimekuuliza juzi tukianika nguo, "Amahoro?" Ukasema amahoro, ukacheka, ukaendelea kuanika. Sikuona chochote kwenye uso wako, na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Mtu anayehamia mwisho wa nchi peke yake, asiyeogopa hata kidogo? Labda ni kweli huogopi. Labda nimekuwa fundi mbaya anayetafuta ugonjwa kwa nguvu. Lakini nasikia unavyoamka kwenda kukaa kitandani kwa bibi yako, na mkoba ule umeupanga mara ngapi?

Huko nitakuwa sikuoni. Nitakuwa na sauti tu ya simu, na sauti ni rahisi kuipaka rangi ya kucha. Kwa hiyo naomba hivi. Nikipiga nikakuuliza amahoro, usinijibu papo hapo. Washa swichi kwanza. Niambie mgonjwa aliyekufa mikononi mwako, niambie bosi anayekuonea, niambie umekula mkate na chai siku nzima, niambie umemkana mtu mwingine ukajichukia. Sitasema "ni mawazo tu." Nitakosea, nitataka kusema, ulimi wangu umezoea, na wewe uniambie, "Mama, solotepu." Nitanyamaza. Nikishasikia zote, basi tutaona zipi zinazima zenyewe na ipi inayobaki ya kushughulikia. Mimi Newala nitafika. Kwa pikapu, si kwa hili.

Nimewasha swichi sasa hivi, kwa giza hili linaloingia. Zimewaka zote, nimeziangalia zikizima. Imebaki ya injini, njano. Imeanza wiki hii. Hamisi anasema safari hii ni sensa kweli, ameagiza. Inaniudhi kila nikiiona, lakini nimeiacha iwake, na kesho tutakwenda nayo stendi hivyo hivyo, watu waone wanavyotaka kuona.

Nasikia sauti yako getini, unacheka na mtu. Nimalize.

Kesho pale stendi, ukishapanda, utafungua kioo uniulize, "Mama, uko sawa?" Kutakuwa na watu, shangazi zako wananitazama, bibi yako kashika kanga yangu, na mimi nitakujibu amahoro. Nitajibu tu, mwanangu, kwa sababu nimejibu hivyo tangu nilipokuwa mgongoni. Usiniamini. Jibu langu ni hili ninaloliandika sasa, kabla sijafuta uso, kabla sijafungua mlango.

Si amahoro. Naogopa. Sitaki uende.

Nenda.

Mama yako